Kanda za Nzai na Kiti cha Mama

Jumatano, 10 Februari 1999

Wiki ya pili tangu wafunge chuo. Eti tulivunja amani! Sisi, tuliokuwa tumeketi barabarani tukiimba — na wao, waliokuja na marungu na moshi. Historia itahukumu. Kwa sasa historia haina haraka, nami niko Waa, nyumbani kwa mama, nimeamriwa kuripoti kwa chifu kila Jumatatu kama ng'ombe anayepelekwa joshoni.

Ajabu niliyoikuta: televisheni! Ndogo, imekaa juu ya kabati la vyombo, na chini yake dek ya video iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, utadhani bibi harusi. Dada yangu Kanyiva, muuguzi kule Msambweni, ndiye aliyeinunua kwa fundi mmoja wa Ukunda. Mama, ambaye nilipoondoka alikuwa akiiita televisheni sanduku la shetani, sasa anaijua rimoti kuliko jembe.

Leo: sinema ya karate. Mzee mwenye nyusi nyeupe anauawa kwa hila. Mwanafunzi wake anapanda mlimani, anachota maji kwa miaka, anapigwa fimbo, anakula wali mkavu, kisha anashuka kulipiza kisasi. Maoni yangu: mateke bora, siasa duni. Kijiji kizima kinanyonywa na bwana mmoja mwenye masharubu membamba, na umma wote umekaa kumngoja kijana mmoja! Kwa nini wasijipange? Nililisema hilo kwa sauti. Mama akaniambia ninyamaze, watu wanataka kusikia mateke.

"Watu" ni yeye na Bi Chiku. Bi Chiku ni jirani yetu, Mdigo, mjane kama mama, ulimi wake hauna breki. Mwaka juzi, fujo za Likoni zilipofika huku na watu wa bara wakawa wanawindwa, alimficha mama chumbani mwake, akaketi mlangoni na mchi. Tangu hapo nyumba hizi mbili ni moja. Akanijibu yeye: "Hao walijipanga, mwanangu. Walijipanga safu ya kuzikwa."

Alama sita kwa kumi. Ningetoa nane kama wangekuwa na chama.

Jumamosi, 13 Februari 1999

Fundi mwenyewe amekuja. Anaitwa Nzai, Mduruma wa Kinango, mrefu, mpole, ana kibanda Ukunda cha kutengeneza redio, na kando yake huazimisha kanda. Nasikia kila Jumamosi hufunga mapema, akaja huku na kanda mbili ndani ya mfuko wa nailoni na kichupa cha spiriti cha kusafishia kichwa cha dek.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, Nzai. Leo umeniletea nini, watu au bunduki?

Ndivyo mama anavyoigawa sanaa yote ya sinema duniani: za watu na za bunduki. Nimesoma wahakiki waliosema machache zaidi kwa maneno mengi zaidi.

Leo ilikuwa ya watu. Ya Kihindi, saa tatu nzima. Mshonaji kipofu anampoteza mwanawe mdogo katika msongamano wa stesheni. Miaka ishirini baadaye anaingia mteja kupimwa suti, na yule mama, akimshika shingoni, anaitambua kola aliyoishona kwa mkono wake. Vilio! Ngoma! Theluji! (Theluji ilitoka wapi, dukani?)

Hapo ndipo mama akalipuka. "Uongo! Kola ya mtoto wa miaka mitano imfae mtu mzima?"

Nzai akasema kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma hata inchi: "Mama, yule kijana aliikata ile kola ya zamani, akaishonea ndani ya kola mpya."

— Imeonyeshwa wapi?

— Katika wimbo wa tatu. Wewe ulikuwa unamimina chai.

— Mimi siwezi kupitwa!

— Umepitwa, mama.

Basi — nani angeamini — wakarudisha nyuma! Tukatazama watu wakicheza ngoma kinyumenyume, wakiruka kutoka bondeni kwenda mlimani, hadi wimbo wa tatu. Na ndiyo: kwa nukta moja tu, nyuma ya bega la mchezaji, kijana ameketi na sindano na kola. Mama akamtazama Nzai, akapiga paja, akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tulipomzika baba.

Maoni yangu: sinema ya kuwalewesha wanyonge, wasahau njaa kwa nyimbo. Yule mshonaji angejiunga na chama cha wafanyakazi, angempata mwanawe mapema zaidi. Naandika hivyo kwa dhati. Naandika pia, kwa kuwa hakuna atakayesoma, kwamba kipofu alipoigusa kola nilitoka nje kutazama kama kuku wameingia bandani. Jua lilikuwa bado kali.

Jumatatu, 15 Februari 1999

Nimeripoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba juu ya haki za raia. Chifu hakuniuliza siasa. Aliniuliza kama Nzai anayo sehemu ya pili ya ile ya nyusi nyeupe.

Ama dola imelainika, ama ni mtego.

Jumamosi, 20 Februari 1999

Sinema ya makaoboi wa Marekani: kofia pana, vumbi, farasi, bastola. Nilikuja na uhakiki wangu tayari. Ardhi ile ina wenyewe! Wako wapi? Kwa nini wanaonekana tu wakija kupigwa risasi?

Lakini sikupata nafasi. Wanaume wawili wamesimama barabarani, vidole vinacheza juu ya bastola, muziki umekaza kama kamba ya ngoma — na mama anauliza:

— Wale ng'ombe nyuma yao wamenyweshwa?

— Bado, mama, akasema Nzai. Tazama mbavu. Na yule mwekundu ana mimba.

— Ya miezi mingapi?

— Saba.

— Nane. Tazama kiuno.

— Saba, mama. Kiuno kinadanganya ng'ombe akiwa na kiu. Kwetu Kinango nimewaona hivyo kila kiangazi.

— Kwetu Machakos nilizaliwa zizini!

Bastola zikalia. Mtu akaanguka. Hakuna aliyejua ni yupi.

Bi Chiku akainua mikono. "Nyinyi Wakamba na Waduruma mna laana! Mtu amekufa, nanyi mwapima tumbo la ng'ombe!"

Mwishowe nilimuuliza Nzai, faraghani, juu ya wenye ardhi. Akasema amewahi kulifikiria hilo: kila akitazama sinema za namna hii huwangoja wenye nchi waingie wakiwa wamekaa kwao wanakula, na hawaingii kamwe. Ni fikra niliyotarajia kuifundisha, si kufundishwa. Namkubali kijana huyu.

Kanyiva alifika jioni kutoka zamu, akaketi karibu na mlango. Hakutazama sinema hata kidogo. Kazi ya hospitali inawamaliza watu. Lazima serikali iajiri wauguzi zaidi!

Jumanne, 23 Februari 1999

Mimi ni mjinga. Nauandika ukweli huu kwa wino.

Kanyiva alikuwa anaanika nguo, nami namhutubia juu ya uchovu wa wauguzi. Akatupa kibanio cha nguo chini. "Mbithi, wewe umesomea siasa na huoni kilicho mbele ya pua yako!"

Yeye na Nzai. Tangu mwaka jana! Ile dek, kumbe, haijaharibika hata siku moja. Ilikuwa "ikikaguliwa" tu. Nzai amekwisha kumtuma mjomba wake kwa mama, si mara moja. Kila mara mama humkaribisha vizuri, humpa chai na mahamri, husifu mvua, huuliza hali ya mbuzi wa Kinango, na mazungumzo yakikaribia neno lenyewe hukumbuka kwamba ana kuku wa kupeleka hotelini Diani. Mjomba wa Nzai amechoka. Kwao wameanza kusema: tunatafuta mke, si mahamri. Akirudi bila jibu tena, watamtafutia Nzai mchumba Kinango.

Damu ikanichemka. Ni ukabila! Mama yangu mzazi! Kwa kuwa ni Mduruma! Nilikuwa nimekwisha kuanza sentensi ya kwanza ya azimio. Kanyiva akanitazama kwa huruma.

Si ukabila. Ni haya.

Nililijua, lakini nilikuwa sijalifikiria. Kwetu Wakamba, mama na mume wa binti yake huoneana haya maisha yao yote. Hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mikono. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani hadi mwenzake apite. Si uadui, ni heshima ya juu kabisa. Na kwa kina Nzai mambo hayako mbali na hayo. Kwa hiyo siku mama atakapomkubali Nzai kuwa mkwe, siku hiyo hiyo atampoteza. Hakuna tena Jumamosi. Hakuna tena "saba, mama" na "nane". Ataketi peke yake na rimoti.

"Hamkatai," akasema Kanyiva, na machozi yalikuwa karibu. "Anampenda mno kumfanya mkwe!"

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Mila inayomfukuza mwanamke katika sebule yake mwenyewe! Mila inayokataza watu wawili wenye akili kubishana juu ya ng'ombe! Nimepata kazi. Jumamosi nitalizungumza.

Jumamosi, 27 Februari 1999

Leo hakukuwa na kanda ya dukani. Bi Chiku alileta kanda ya harusi ya mpwa wake, iliyofanyika Munje mwezi wa Desemba, akaamuru itazamwe yote.

Natamka bila woga: ndiyo sinema bora ya mwezi huu. Haina mwigizaji hata mmoja, na kila mtu anaigiza. Mpiga picha aliipenda sufuria ya biriani kuliko bwana harusi. Ameirudia mara nyingi, kwa karibu, kwa mapenzi. Kuna mzee anayepita mbele ya kamera akijifanya hajui, anarudi, anapita tena, safari hii amevaa koti. Ilipofika sehemu ya wanawake, ambayo macho ya wanaume hayaruhusiwi kuiona, Bi Chiku alitandika leso juu ya televisheni. Nzai na mimi tukasikiliza ngoma na vigelegele bila picha, kama watu wa enzi ya redio, huku mama na Bi Chiku wakichungulia chini ya leso na kupigana vikumbo. Nzai akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo sehemu iliyorekodiwa vizuri zaidi. Alama tisa.

Nzai akaondoka mapema, ana redio ya mteja. Kanyiva yuko zamu. Nikasimama katikati ya sebule.

Nilisema vizuri — lazima niseme hivyo. Nikasema karne inakufa, na haifai tuivuke tukiwa tumefungwa kamba za karne zilizopita. Nikasema mila ni nguo: ikikubana, unaipeleka kwa fundi, huukati mwili wako. Nikasema, "Mama, Nzai awe mkwe wako, nawe usiondoke! Kaa kitini pako! Mtazame sinema pamoja, mbishane mpaka uzeeni! Nani atakuja kukushtaki?"

Mama alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Akaokota kijiwe, akakitupa mlangoni.

— Umesema kweli, mwanangu.

Nilikaribia kuinua ngumi juu.

— Karne imebadilika, akaendelea. Basi nitakaa. Nzai akija, nitakaa papa hapa, na nitabishana naye. Lakini mkwe ni yule ninayemwonea haya. Nisiyemwonea haya si mkwe. Ni kijana wa kanda tu. Na kijana wa kanda hachumbii binti ya mtu.

Akapepeta ungo. Kama mtu aliyeondolewa mzigo!

Bi Chiku akapiga makofi. "Kesi imekwisha! Wakili ameshinda, mteja amefungwa!"

Jumapili, 28 Februari 1999

Kanyiva amesikia. Amenipakulia ugali bila mboga. Amefunga mlango taratibu, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuubamiza.

Jumatano, 3 Machi 1999

Nzai hakuja Jumatano hii, ingawa huwa anapita kuchukua kanda anazotudai. Kanyiva amemwambia yote. Nasikia alisema tu, "Basi, nimeelewa," akaendelea kuunganisha waya. Hilo ndilo linaloniuma. Angetukana ningejibu.

Tulibaki na kanda moja ya bunduki. Askari mmoja wa Marekani anaangusha serikali ya nchi isiyotajwa jina, yenye minazi. Risasi haziishi, shati halichafuki. Nchi ile ina watu wangapi? Wanakula nini? Baada ya askari kuondoka kwa helikopta, nani atafagia? Niliyasema haya yote. Nilijitahidi kumpinga mama kila alipofungua kinywa, ili asikose mshindani.

Akazima kabla hata askari hajafika ikulu. Mama! Kuzima katikati!

— Mama, mbona?

— Mbovu.

— Lakini tulikuwa tunabishana vizuri.

Akanitazama, si kwa ukali. "Wewe, Mbithi, unabishana na sinema kama serikali. Yule hubishana nayo kama watu wa kwao." Kisha akauliza, akiwa amegeukia dirishani, kama Nzai ni mgonjwa.

Bi Chiku, aliyekuwa mlangoni na sahani ya viazi vya karai, akasema si mgonjwa, ni kijana wa kanda tu, na vijana wa kanda huenda wanakopenda. Nilitaka kumkumbatia. Mama hakula kiazi.

Jumatatu, 8 Machi 1999

Habari mbili. Chuo kinafunguliwa! Redio imetangaza: wa mwaka wa tatu turudi wiki ijayo. Nina basi Jumatatu. Chifu alinipongeza kwa mkono, akasema nitakumbukwa hapa. Sijui kama ni kejeli.

Ya pili: mjomba wa Nzai atapita tena mwisho wa juma, kwa mara ya mwisho.

Kwa hiyo leo nikaenda kwa mama tena, huko bandani alipokuwa akiwapa kuku mtama, nikafanya jambo ambalo hakuna mwanasiasa anayestahili jina hilo angelifanya: nikaitetea hoja ya upande wa pili. Nikasema mila si kamba, ni lugha. Nikasema kuna maneno ambayo kinywa hakiyawezi, yanasemwa kwa miguu. Nikasema ukiinyang'anya jamii lugha yake huachi uhuru, unaacha mabubu. Nikasema, "Mama, muonee haya. Tafadhali."

— Juzi uliniambia nikae.

— Nilikosea.

— Leo waniambia nisimame.

— Ndiyo.

— Utafika bungeni wewe, akasema, akatupa mtama.

Kuku wakagombana. Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, huku akihesabu vifaranga au akijifanya anawahesabu: "Baba yenu alikuwa mbishi. Kila jioni. Juu ya mvua, juu ya bei ya mahindi, juu ya mahubiri ya mchungaji. Majirani walidhani hatupatani. Alipokufa, watu wakaanza kunikubalia kila kitu. Mama pole, mama ndiyo, mama kweli. Hata nikisema upuuzi! Miaka yote hii. Halafu akaja yule kijana na spiriti yake, nikasema ng'ombe ana mimba ya miezi minane, akaniambia saba."

Mimi, Mbithi, nilishika debe la mtama nikamsaidia.

— Ilikuwa saba, akasema mama. Nilijua.

Alhamisi, 11 Machi 1999

Nimekwenda Ukunda. Nzai alikuwa ndani ya tumbo la redio kubwa. Sikumhutubia. Nilimwambia tu: Jumamosi njoo, mjomba awepo au asiwepo, lete kanda ya watu, iliyo bora kuliko zote ulizo nazo. Akauliza kama mama ndiye aliyenituma. Ningeweza kudanganya. Nikasema hapana. Akafikiri. Akafungua kabati, akatoa kanda isiyo na picha kwenye ganda, akaifuta vumbi kwa shati lake.

— Hii sijamwazima mtu, akasema. Nilikuwa namwekea mama.

Jumamosi, 13 Machi 1999

Naandika haya sebuleni, kitabu kiko gotini, kwa sababu sijui nifanye nini kingine na mikono yangu.

Nitaanza mwanzo. Nzai alikuja saa nane, amenyoa, shati limepigwa pasi. Mjomba wake atafika alasiri. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Nzai. Ulipotea." Basi, hayo tu. Akaketi kitini pake. Mama kitini pake. Bi Chiku mkekani. Kanyiva alikuwa akiingia na kutoka na chai isiyohitajika na mtu.

Sinema yenyewe — ah! Ni kesi. Mfuaji nguo ameshtakiwa kumwekea bwana wake sumu katika supu. Mji wote unamchukia. Wakili wake ni mlevi anayesahau jina lake. Hakuna mapigano, hakuna wimbo, ni watu wazima wanaozungumza chumbani, na bado chai yangu ilipoa mkononi. Hotuba ya wakili, alipokuwa hatimaye hajalewa! Nitaiiga hadi kufa. Alama kumi. Kwa mara ya kwanza nimetoa kumi.

Na wao wawili! Walikuwa wanawaka. Mama alisema tangu mwanzo mwuaji ni daktari, kwa kuwa hanywi supu. Nzai akasema daktari ana vidonda vya tumbo, ameshika tumbo alipopanda ngazi. Mama akasema mwongo yeyote anaweza kushika tumbo. Nzai akasema mama, mtu mwongo hushika tumbo akiwa anatazamwa. Huyu alikuwa peke yake. Mama akasema, peke yake? Na sisi je, hatukuwa tukimtazama? Bi Chiku akalala chali kwa kicheko. Nilijisemea: hii ni jamhuri. Hivi ndivyo bunge lingepaswa kuwa.

Kisha wakaingia wale wazee wa baraza kumi na wawili, wanaoamua hatia. Jaji akavaa miwani. Akakunjua karatasi.

Mama akasimama.

Elewa: mama haondoki sinema ikiendelea. Siku mbuzi alipokata kamba akaingia kwenye mihogo, alisema aachwe, hukumu kwanza. Na sasa jaji amefungua kinywa — na mama amesimama. Akavuta leso akajifunika kichwa mpaka usoni. Hakumtazama Nzai. Hakupita mbele yake. Alizunguka nyuma ya kiti chake, akiwa ameinama kidogo, kama msichana, akaingia jikoni, akarudisha pazia.

Nzai akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Jaji ametetemeka, akakwama, kinywa wazi.

Kanyiva amesimama mlangoni na trei, vikombe vinalia vyenyewe. Bi Chiku amefumba mdomo kwa viganja viwili. Kigelegele kiko humo ndani, nakiona kinavyopiga mashavu. Nzai ameketi wima, ameshika magoti. Anatazama sakafu. Ameelewa kabla yangu.

Jikoni, mafuta yanachemka. Kisha sauti:

— Mbithi! Mbona kimya?

— Tumesimamisha, mama. Tunakungoja.

— Msiningoje. Mwambie... Akanyamaza. Sote tulisikia akilikwepa jina. — Mwambie mwenye kanda aendelee. Na aongeze sauti, huku mafuta yanapiga kelele.

Bi Chiku ameshindwa. Kigelegele kimetoka, kimefika barabarani, mbwa wanabweka. Kanyiva ameketi chini palepale, trei na vyote, anacheka na kulia, chai imemwagika mkekani na hakuna anayejali. Nzai bado hajainua macho. Anafuta uso kwa kitambaa cha kusafishia kichwa cha dek.

Na mimi ninafikiri: Jumatatu nina basi. Nani atakayekuwa akipeleka maneno kutoka sebuleni hadi jikoni? Bi Chiku amejitolea papo hapo. Mungu atusaidie — huyo atayafikisha yote na ya ziada!

Mama tena:

— Na umwambie asijisumbue, mimi tayari najua ni daktari!

Nzai ameinua kichwa. Ndiyo mara ya kwanza tangu mama aondoke. Ananitazama mimi, si pazia, anatikisa kichwa kwa nguvu: si daktari. Ananinyooshea kidole, kisha jikoni. Mwambie. Kanyiva anasema nisithubutu, siku ya leo mama aachiwe daktari wake. Bi Chiku anasema nithubutu. Kijana amenikazia macho, na ndani ya macho yale kuna miezi saba dhidi ya minane.

— Mbithi! Amesema nini?